Chumba Alichoandaliwa Hanne

Nyamizi Mageni ni fundi cherehani. Kibanda chake kipo Kalangalala, mjini Geita, kwenye njia ya kwenda sokoni. Asubuhi anashona sare za shule. Mchana anashona magauni ya kwaya. Jioni anabishana na wateja waliotaka nguo zao jana. Kazi hiyo ndiyo inayomlisha.

Ana kazi ya pili ambayo haimlishi hata kidogo, na hiyo ndiyo anayoipenda zaidi. Nyamizi anajitolea kwenye programu ya kubadilishana wanafunzi. Vijana kutoka nchi za nje wanakuja kusoma Geita. Wanakaa na familia za hapa, wanakula kinacholiwa hapa. Vijana wa hapa nao wanakwenda kukaa kwao. Lakini mtoto wa watu hatupwi tu kwenye nyumba yoyote. Familia lazima iandaliwe kwanza. Kwa upande wa Kalangalala, mwenye kazi hiyo ni Nyamizi.

Watu humuuliza, "Unalipwa nini?"

"Silipwi."

"Basi una lako jambo."

Jambo analo kweli, wala hafichi. Mwanawe Abel aliwahi kukaa mwaka mzima ng'ambo, kwa watu asiowajua. Mama mmoja huko alimfundisha kuvaa soksi mbili wakati wa baridi. Alipougua, mama yule alikaa naye hospitali siku tatu. Kisha akampigia Nyamizi simu na kumwambia mtoto amepona. Nyamizi hajawahi kumtia machoni mama huyo. Wema wake hakuweza kumrudishia mwenyewe, kwa hiyo anaurudisha kwa watoto wa wengine.

Mwaka jana familia iliyojiandikisha ilikuwa ya Onesmo na Sesilia. Ni majirani zake. Onesmo ananunua na kuuza dhahabu. Sesilia ana genge la mboga. Watoto wao ni wawili, Noela wa miaka kumi na mmoja na Blessing wa miaka mitano. Nyamizi alifurahi sana. Alipofanyiwa upasuaji mwaka juzi, Sesilia alimpikia uji mwezi mzima, akamfulia na nguo. Ndugu wa damu wengine hawakufika hata getini.

Jumamosi tatu mfululizo, Nyamizi alikwenda kwao na daftari lake.

"Mgeni wetu anaitwa Hanne," alisema. "Ana miaka kumi na saba. Anatoka Denmaki. Atakaa miezi kumi."

"Ugali anakula?" Onesmo akauliza.

"Atajifunza. Wiki za kwanza msimlazimishe."

"Na samaki?"

"Samaki anakula. Ila kichwa anaweza kukiogopa."

"Kichwa nitamsaidia mimi," Onesmo akasema.

"Kwani siku zote nani anakula?" Sesilia akamjibu mumewe, na watoto wakacheka.

Nyamizi aliwafundisha mengi. Msimguse nywele bila ruhusa. Msimwambie abadili dini. Mpeni kazi za nyumbani kama Noela, kwa sababu haji kukaa kitako. Akikosea salamu, msahihisheni taratibu.

"Na akijifungia chumbani saa nzima, msidhani amenuna," alisema. "Kwao mtu hupumzika peke yake."

Sesilia akashangaa. "Peke yake? Huku mtu akikaa peke yake tunaita majirani."

"Ndiyo maana nawaambia mapema. Sasa, atalala wapi? Anatakiwa kuwa na chumba chenye mlango, dirisha na neti."

"Tutampa chumba cha nyuma," Sesilia akasema. "Ndicho kizuri kuliko vyote. Noela na mdogo wake watahamia sebuleni."

Ulikuwa uungwana wa kweli. Mwenyeji wa huku hampi mgeni kilichobaki. Anampa kilicho bora, hata kama yeye atalala kwenye mkeka. Nyamizi aliandika "chumba cha nyuma" kwenye daftari, akamsifu.

Siku kumi na sita kabla Hanne hajafika, Nyamizi alikwenda kukagua nyumba. Alibeba fomu ya programu. Fomu hiyo husainiwa na mtu wa kujitolea, halafu inakwenda kwa mratibu, Mwalimu Theonest. Bila sahihi, mgeni haji.

"Mwangaluka, dada," Sesilia alimsalimu. Alikuwa na furaha tele. "Njoo uone."

Chumba kilipendeza. Kuta zilipakwa rangi ya bluu, na harufu ya rangi ilikuwa bado inatoka. Kulikuwa na kitanda, godoro na neti mpya. Pazia lilikuwa na maua. Nyamizi alianza kujaza fomu. Mlango upo. Dirisha lipo. Neti ipo.

Blessing alikuwa amechuchumaa kwenye kona, karibu na ufa wa sakafu. Alikuwa na kijiti mkononi.

"Mama mkubwa, ona," alisema. "Kina mbio."

Nyamizi akainama. Kitone kidogo kinachong'aa kilikuwa kinabingirika kwenye saruji. Blessing alikigusa kwa kijiti, kikagawanyika vikawa viwili. Nyamizi ameishi Geita miaka ishirini. Hakuhitaji kuambiwa kile ni nini.

"Blessing, kiache. Toka nje ukanawe mikono." Kisha akamgeukia Sesilia. "Mama Noela, zebaki imefikaje chumbani kwa watoto?"

"Aa, hiyo ya Baba Noela," Sesilia akasema, bila wasiwasi wowote. "Huwa anachomea humu."

Onesmo hununua dhahabu kwa wachimbaji wadogo wa Rwamgasa. Wachimbaji hao huchanganya udongo wa dhahabu na zebaki. Zebaki inashika dhahabu, vinakuwa donge moja. Donge likichomwa motoni, zebaki inatoka na dhahabu inabaki. Onesmo alikuwa anabeba donge hadi nyumbani, analichoma kwenye jiko la mkaa. Aliogopa wezi. Chumba cha nyuma kilikuwa na mlango wa chuma, na dirisha alilifunga. Mchana alichoma dhahabu, na usiku watoto walilala.

"Tangu lini?" Nyamizi akauliza.

"Tangu tuhamie. Huu mwaka wa nne. Lakini usihofu, dada. Tumepaka rangi. Na mgeni akija, Baba Noela atachomea jikoni."

Nyamizi alikaa kwenye kitanda cha mgeni. Halafu akakumbuka alipo, akainuka haraka.

Onesmo aliporudi, walikaa uani. Sesilia akaleta chai. Nyamizi akasoma swali la fomu kwa sauti. "Je, ndani ya nyumba kuna kemikali yoyote ya hatari?"

"Andika hapana," Onesmo akasema.

"Baba Noela, zebaki ipo."

"Kemikali ni sayanaidi. Hiyo ndiyo inaua. Zebaki ni zebaki. Mimi naishika kwa mkono mwaka wa kumi na tano. Nimekufa?"

Alichukua kikombe. Mkono wake ulitetemeka, chai ikamwagika kwenye kisahani. Akakiweka chini.

"Uchovu wa safari," alisema. "Barabara ya Rwamgasa mbaya. Halafu kila nikichoma nakunywa maziwa. Sumu yote inatoka."

Sesilia akamshika Nyamizi mkono. "Dada, tumeshatangaza kanisani. Mama yangu anakuja kutoka Kagongwa. Saini tu. Tutapasafisha vizuri."

Nyamizi aliondoka na fomu bila kusaini. Alisema kalamu imekwisha wino. Uongo huo ulikuwa mdogo, lakini ulimwaibisha njia nzima.

Ukweli ni kwamba aliogopa. Hofu yake haikuwa ya zebaki. Aliogopa kumuudhi Sesilia, mtu aliyemfulia nguo alipokuwa hawezi kuinama. Alijiambia chumba kimepakwa rangi. Alijiambia Onesmo ana miaka kumi na tano kwenye kazi hiyo na bado anatembea. Nani atajua? Kisha akamfikiria mama yake Hanne huko Denmaki, akikunja nguo za mwanawe na kuziweka kwenye begi. Mama huyo hajui Kalangalala iko wapi. Anachojua ni kwamba kuna mtu amekwenda kukagua.

Asubuhi hakufungua kibanda. Alikwenda ofisi ya kata kumwona Violeth, afisa afya. Alimweleza yote.

"Umefanya vizuri kuja," Violeth akasema. "Rangi haizuii zebaki. Ikichomwa inageuka mvuke. Huuoni na hauna harufu. Unaingia kwa pumzi. Mwingine unapoa, unashika ukutani, kwenye dari, kwenye godoro, kwenye nguo. Ile ya kwenye nyufa inaendelea kutoa mvuke kidogo kidogo hata bila moto."

"Inafanya nini mwilini?"

"Inaharibu ubongo, mishipa ya fahamu na figo. Mtu anatetemeka mikono. Anasahau, anakuwa na hasira, hapati usingizi, kichwa kinamuuma. Kwa mtoto ni mbaya zaidi, maana mwili wake bado unajengwa. Mama mjamzito akiivuta, inamfikia mtoto tumboni."

"Basi siwezi kusaini."

"Huwezi. Na waambie wasifagie. Ufagio unaitawanya."

Nyamizi alimpigia Mwalimu Theonest. Mwalimu alisikiliza, akasema Hanne atakaa kwanza kwa Mama Bhoke, muuguzi wa mtaa wa pili. Akauliza kama amwambie Sesilia yeye mwenyewe.

"Hapana," Nyamizi akasema. "Nimeandaa familia hii mimi. Nitawaambia mimi."

Alimkuta Sesilia gengeni, anapanga mafungu ya nyanya. Alimwambia bila kuzunguka. Pia akamwambia watoto wasilale tena chumba kile, na wasikifagie. Sesilia aliendelea kupanga nyanya. Hakuinua macho.

"Kumbe nyumba yangu chafu," akasema mwishoni.

"Sikusema hivyo, Mama Noela."

"Mgeni anakwenda kwa Mama Bhoke. Kanisa zima litajua. Nenda, dada. Umeshafanya kazi yako."

Maneno hayo yalimchoma Nyamizi kuliko matusi. Siku nne Sesilia alipita mbele ya kibanda bila salamu. Kwa watu wa huku, kunyimwa salamu ni kama kufungiwa mlango. Nyamizi alishona suruali ya mteja mguu mmoja mrefu, mwingine mfupi. Alilia kidogo, akafumua, akashona upya.

Siku ya tano Sesilia alikuja. Hakukaa kwenye benchi. Alisimama mlangoni, mikono kifuani.

"Nina swali," alisema. "Huyo mtoto wa Denmaki alikuwa alale kule miezi kumi, mkasema hapana, ni hatari. Sawa. Noela na Blessing wamelala mle miaka mitatu na zaidi. Noela anaumwa kichwa kila wiki. Nampeleka kupima malaria, haionekani. Ulikuja kwangu Jumamosi tatu, dada. Uliuliza mgeni atakula nini na atalala wapi. Wanangu mbona hukuwaulizia?"

Nyamizi alizima cherehani.

"Sikuwaulizia," alisema. "Ni kosa langu. Nilikuwa naiangalia fomu."

"Basi niitie huyo afisa afya wako."

Violeth alifika siku hiyo hiyo jioni. Onesmo alimkaribisha kwa adabu, lakini uso alikuwa ameukunja.

"Karibu, Bibi Afya. Umekuja kunifungia biashara?"

"Nimekuja kuuliza, Baba Noela. Wewe unaijua dhahabu kuliko mimi. Ukichoma donge, linapungua uzito?"

"Linapungua sana. Zebaki inatoka."

"Inakwenda wapi?"

"Inapaa."

"Inapaa kwenda wapi? Dirisha unafunga. Mlango unafunga."

Onesmo ni mfanyabiashara. Kila siku anapima kwenye mizani, na anajua kwamba kitu hakipotei hivi hivi. Alitazama mlango wa chumba cha nyuma.

"Nakunywa maziwa," akasema, lakini sauti ilikuwa imeshuka.

"Maziwa ni chakula kizuri, endelea kuyanywa. Lakini mvuke unaingia kwenye mapafu, na maziwa yanakwenda tumboni. Hayakutani." Violeth akasogeza kiti karibu. "Watoto hawakuwa wanachoma. Hata maziwa hakuna aliyewapa. Walikuwa wanavuta tu."

Sesilia alianza kulia. Onesmo akanyoosha mikono kumshika bega. Kila mtu pale aliona mikono yake inavyotetemeka, na safari hii hakuna aliyetaja barabara ya Rwamgasa.

Violeth aliwapa maelekezo, na Noela akayaandika kwa sababu mwandiko wake ulikuwa bora kuliko wa wote. Chumba kifungwe leo, dirisha libaki wazi, mtu asiingie. Godoro, pazia na neti visitumike tena, wala visichomwe moto. Jiko la kuchomea dhahabu lisipikiwe chakula. Nguo za Onesmo za kazini zisifuliwe pamoja na za watoto, na azivue kabla hajaingia ndani. Familia nzima iende hospitali kupima mkojo.

"Na kazi yangu?" Onesmo akauliza.

"Donge lisije tena nyumbani. Lichomwe kule kule mwaloni, mnakochenjulia dhahabu, nje, mbali na watu, ndani ya ritoti."

Ritoti ni chombo cha chuma chenye mfuniko na bomba. Donge linachomwa ndani yake. Mvuke hautoki ovyo. Unapita kwenye bomba, unapozwa kwa maji, unarudi kuwa zebaki.

"Yaani zebaki naipata tena?" Onesmo akauliza.

"Sehemu kubwa."

"Miaka yote hii nilikuwa naimwaga hewani."

"Ulikuwa unawamwagia wanao," Sesilia akasema. Alisema polepole, na Onesmo akainamisha kichwa.

Majibu ya hospitali yalichukua wiki tatu, kwa kuwa sampuli zilipelekwa maabara Mwanza. Wote wanne walikutwa na zebaki. Onesmo alikuwa na nyingi kuliko wote, na Noela alimfuata. Daktari aliwaambia dawa ya kwanza ni kuacha kuivuta, kisha warudi kupimwa kila baada ya miezi miwili. Hakuwaahidi kwamba kila kitu kitarudi kama zamani. Aliwaambia wamekuja mapema kuliko wengi.

Onesmo hakupenda kuambiwa mambo mara mbili. Mafundi waliovaa barakoa maalumu na glovu walibandua plasta na sakafu ya chumba cha nyuma. Violeth alisimamia. Kifusi kiliwekwa kwenye mifuko migumu, kikapelekwa alikoelekeza yeye. Hakikumwagwa bondeni. Onesmo akajenga chumba kingine upande wa barabarani, chenye madirisha mawili. Wazo la dirisha la pili lilikuwa la Noela. Kuhusu wezi, alikubaliana na wenzake wawili wa Rwamgasa wawe wanachoma kwa zamu wakiwa pamoja, na wakalipata ritoti moja la kushirikiana. Yule bwana aliyejifungia ndani kwa kuogopa wezi sasa anachoma mbele ya mashahidi.

Mwezi wa nne tangu Hanne afike, Nyamizi alirudi na fomu mpya. Alikagua chumba kipya, jikoni na uani. Aliwauliza watoto wenyewe wanalala wapi, wakampeleka kuona. Kisha akasaini. Kalamu ilikuwa na wino.

Hanne alihamia Jumapili. Shikamoo alikuwa ameshajifunza akiwa kwa Mama Bhoke, ila alimpa hata Blessing, na Blessing akaitikia marahaba kwa heshima zote. Bibi alikuja kutoka Kagongwa na gunia la michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa. Hanne alikula michembe, akakwepa kichwa cha samaki, halafu akaingia chumbani kwake akafunga mlango. Bibi akauliza nani amemuudhi mtoto. Sesilia akamwambia mama yake akae, kwamba mtu anapumzika.

Kufikia mwisho wa mwaka, zebaki kwenye mkojo wa Noela ilikuwa imeshuka hadi kiwango alichokitaka daktari. Kichwa kilikuwa hakimuumi tena kila wiki. Blessing alikuwa salama. Mikono ya Onesmo bado hutetemeka siku nyingine, na daktari amesema huenda isiache kabisa.

Januari, Nyamizi aliitisha familia mpya kwenye ukumbi wa shule. Zilikuja tisa, mbili zikiwa zimetoka Rwamgasa. Alianza kama kawaida, na chakula na salamu. Kisha akasema kuna mtu mwingine aliyejitolea kufundisha sehemu ya vyumba.

Onesmo akasimama. Alikuwa amevaa shati jeupe ambalo Nyamizi alilishona.

"Mimi si mwalimu," alisema. "Nanunua dhahabu. Mwaka jana nilitaka kumpa mgeni chumba bora kuliko vyote nyumbani kwangu. Nilikipaka rangi. Kilikuwa kimejaa zebaki. Mgeni hakulala humo hata siku moja, kwa sababu mama huyu alikataa kusaini." Mkono wake ulitetemeka, na hakuuficha. "Wanangu walilala humo miaka mitatu na zaidi. Na mimi ndiye niliyewalaza."

Wanaume kadhaa walitazama sakafu.

Mwanamke mmoja wa Rwamgasa akanyoosha mkono. Alikuwa na mimba kubwa, na mumewe alikaa pembeni yake.

"Sisi tunachomea jikoni," alisema. "Ninapopikia. Nianzie wapi?"

Mumewe akamvuta kitenge ili akae. Hakukaa.

"Leo usilale nyumba hiyo, wewe na watoto," Onesmo akamjibu. Kisha akamtazama yule mume. "Na wewe, ndugu yangu, tukitoka hapa twende wote. Nikakuonyeshe ritoti."

Yule mume akaachia kitenge cha mkewe, akaitikia kwa kichwa.